Tumbo linamuuma kila siku ya shule: nimlazimishe au nimwache?

Swali la msomaji: Nina binti wa miaka 8. Tangu bibi yake afariki mwaka jana amebadilika kabisa. Jumapili jioni anaanza kulalamika tumbo, na Jumatatu asubuhi analia, wakati mwingine anatapika, na tukifika getini ananing'ang'ania nguo. Daktari amempima mara mbili, anasema hana ugonjwa. Usiku hawezi kulala mpaka nilale naye. Ananiuliza bila kuchoka: "Mama, kesho utakuja kunichukua? Na ukipata ajali je?" Namjibu, anatulia, baada ya dakika chache anauliza tena. Wakati wa msiba tulimwambia bibi amesafiri, ila baadaye binamu zake walimpa ukweli. Baba yake anasema mimi ndiye ninayemdekeza, na kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwezi huu amekosa shule siku kadhaa. Je, nimlazimishe au nimwache mpaka woga upite wenyewe? Na atakuwa hivi maisha yake yote?

Jibu:

Pole sana, mama. Barua yako ni ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu, na bado umekumbuka kuandika mambo ambayo wazazi wengi husahau kuyasema. Nianze na swali lako kubwa. Kumburuta hadi darasani akilia hakutamtoa hofu, na kumweka nyumbani mpaka hofu iishe kutaikuza. Ninachokushauri ni kwamba arudi shule mapema, kwa hatua anazozimudu, huku wewe na baba yake mkipunguza polepole yale mnayomfanyia ili asiogope. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Ila kabla ya hapo nataka jambo moja likae sawa nyumbani kwenu: tumbo la mtoto huyu linauma kweli. Mtoto akishapimwa na kuonekana hana ugonjwa, watu huanza kusema anajifanya. Hajifanyi. Ubongo ukihisi hatari, homoni iitwayo adrenalini humwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, na damu nyingi inaelekezwa mikononi na miguuni ili mtu akimbie au apigane. Mwanafiziolojia wa Marekani, Walter Cannon, aliueleza mwitikio huu mwaka 1915, na hauchagui kama hatari ni simba au ni geti la shule. Wakati huo utumbo unapunguziwa damu na kazi yake inavurugika. Ndiyo maana mtoto anasikia maumivu karibu na kitovu, kichefuchefu, haja ya ghafla, na chakula hakipiti. Akianza kuhema haraka haraka, anapata kizunguzungu na vidole vinaingia ganzi, kisha dalili hizo zenyewe zinamwogopesha zaidi.

Mweleze haya siku ambayo ametulia, si asubuhi ya kilio. Mtoto wa miaka 8 anaelewa vizuri akiambiwa kwamba ndani yake kuna mbwa mlinzi hodari anayembwekea kila apitaye, mwizi na mgeni sawasawa. Mbwa huyo si mbaya wala si mgonjwa. Bado hajajifunza kutofautisha, na atajifunza kwa kumwona mgeni akija na kuondoka mara nyingi bila kumdhuru mtu. Kumfungia ndani kila mgeni akibisha hodi hakumfundishi kitu. Watoto wengi hupata nafuu ya haraka kwa kujua tu kwamba kinachotokea mwilini mwao kina sababu, na kwamba hawafi.

Kuhusu vipimo, namwamini daktari wako, hasa kwa sababu maumivu yanaanza Jumapili jioni. Hebu angalia kama maumivu hayo hupotea wakati wa likizo. Kama hupotea, hilo ni jibu tosha. Mrudishe hospitali ikiwa maumivu yanamwamsha usingizini, ana homa, anapungua uzito, kuna damu kwenye choo, anatapika hata siku za mapumziko, au maumivu yamehamia upande mmoja na hayatoki hapo. Usipoyaona hayo, acha kumzungusha kwa madaktari. Kila kipimo kipya kinamwambia mtoto kwamba hata wewe huamini yuko salama.

Kuna uchunguzi mwingine ambao sipendi wazazi waupite haraka, nao ni wa shuleni kwenyewe. Wasiwasi wa kutengana na mama unaweza kabisa kuwa ndio chanzo, lakini mtoto anaweza pia kuogopa kitu cha kweli. Mwenzake anamwonea. Mwalimu anachapa au anadhalilisha. Herufi zinamchanganya na anaogopa kuitwa asome mbele ya wenzake. Haoni ubaoni. Na choo! Wazazi hawakiulizii, lakini mlango wa choo usiofungika unaweza kumfanya mtoto asinywe maji kutwa nzima na aichukie shule yote. Ukimuuliza "kuna nini shuleni?" atakujibu "hakuna". Muulize mnapofanya kazi pamoja, macho yenu yakiwa kwenye kitu kingine, na umtembeze siku nzima: mkifika mnakaa wapi, nani yuko karibu nawe, wakati wa mapumziko unacheza na nani, ukibanwa unafanyaje, ni saa gani hupendi ifike. Msikilize bila kumkatiza wala kuruka kutoa suluhisho. Akikutajia mtu mzima anayemgusa au kumtisha, mambo yote ninayoyaeleza hapa chini yaacheni kwanza. Mtoto halazimishwi kuzoea hatari ya kweli. Kwanza mlindeni, na mhusika aripotiwe.

Sasa nirudi kwenye sentensi moja ambayo wewe umeiandika kama kitu cha kupita: mlimwambia bibi amesafiri. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Najua mlifanya kwa huruma, na karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kusema hivyo. Lakini hebu ikae kichwani mwa mtoto. Bibi alisafiri, hakurudi. Baadaye akagundua kwamba watu wazima walijua, na hawakumwambia. Kisha kila asubuhi mama naye anaondoka na kusema "nitarudi". Anapokuuliza usiku kama utakuja kumchukua, naona anauliza maswali mawili kwa pamoja: je, utakufa, na je, ikitokea jambo nitaambiwa?

Umri wake nao unachangia. Watoto wengi kati ya miaka 5 na 7 huanza kuelewa kwamba kifo hakirudishwi, na kwamba kinampata kila mtu. Kabla ya hapo, marehemu kwao ni mtu aliye mahali fulani na huenda akarudi. Binti yako amempoteza bibi akiwa ametoka tu kuelewa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwake safari, hospitali na kuchelewa kidogo vyote vimekuwa unyasi.

Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote ya shule, kaeni naye, wewe na baba yake pamoja, mrekebishe hilo. Haihitaji hotuba. "Bibi alipofariki tulikuambia amesafiri. Hatukusema kweli, kwa sababu tuliogopa utaumia. Tunakuomba radhi. Kuanzia leo, likitokea jambo kubwa katika familia hii, tutakuambia ukweli." Mweleze bibi aliumwa nini, kwa maneno mepesi, na kwamba mafua yake au tumbo lake si ugonjwa ule. Epukeni kusema bibi "amelala". Mtoto anayesikia hivyo anaweza kuanza kuogopa kitanda. Akitaka kulia, alie. Akitaka kuuliza maswali yanayowatisha watu wazima, kama mwili unakuwaje kaburini, mjibuni kwa kifupi na kwa kweli. Katika kazi yangu nimeona mazungumzo ya namna hii yakilegeza usiku wa familia kuliko ushauri wote nilioutoa kabla yake.

Na je, akiuliza "mama, utakufa?" Usimwahidi kwamba hutakufa. Ameshajua kwamba watu hufa, na ahadi hiyo itamwonyesha kwamba bado mnampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sema: "Kila mtu atakufa siku moja. Mimi ni mzima, najitunza, na natarajia kuishi mpaka uwe mtu mzima. Na ikitokea nimechelewa au nimepata tatizo, huyu atakuja kukuchukua, na mwalimu atakaa nawe mpaka afike." Mtajie jina la huyo mtu. Mtoto mwenye hofu hutulizwa zaidi na mpango anaoujua kuliko na "usiwe na wasiwasi" iliyorudiwa mara mia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo baba yake amelinusa, ingawa amelitaja kwa namna inayokuumiza. Humdekezi. Unafanya anachofanya mzazi yeyote akimwona mtoto anatetemeka: unamtoa kwenye kinachomtetemesha. Unalala naye, unajibu swali lake kwa mara ya kumi, unampigia mwalimu simu kumwambia leo haji. Na kila mara inafanya kazi! Anatulia pale pale. Shida ni kile ubongo wake unachoandika baada ya kutulia: "Nimepona kwa sababu mama alilala nami. Nimepona kwa sababu sikwenda." Hapati nafasi ya kuona kwamba hofu, ikiachwa, hupanda, hufika kileleni, halafu hushuka yenyewe. Mtoto ambaye kila mara ameokolewa katikati ya mlima haijui ile sehemu ya kushuka.

Msaada huu wa upendo unaolisha hofu umechunguzwa sana. Eli Lebowitz na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale walitengeneza tiba ambayo mtoto hahudhurii kabisa; wanaofundishwa ni wazazi, wapunguze hatua kwa hatua yale wanayomfanyia mtoto ili asiogope. Mwaka 2020 walichapisha utafiti wa watoto 124 wenye matatizo ya wasiwasi, ambao baadhi wazazi wao ndio waliopata mafunzo na wengine walipata wenyewe tiba ya kawaida ya mazungumzo na mazoezi ya kukabili hofu. Matokeo ya pande zote mbili yalikuwa sawa. Huwa nawatajia wazazi utafiti huu kwa sababu unawarudishia nguvu mikononi. Hata mtoto akikataa kuongea na mtaalamu yeyote, bado mna kazi mnayoweza kuifanya ikamponya.

Kazi yenyewe ina maneno na ina vitendo. Maneno ni haya, na ninaomba myaseme nyote wawili kwa namna ileile: "Naona unaogopa, na najua ni ngumu. Najua pia utaweza." Msikate hata sehemu moja. Ukisema ya kwanza peke yake, umemhurumia ukamwacha hapo hapo. Ukisema ya pili peke yake, anasikia kwamba hujamwelewa, na atalia kwa sauti kubwa zaidi ili uelewe. Kuhusu "hakuna cha kuogopa", iacheni kabisa. Mwili wake unamwambia kipo, na ninyi mnambishia mwili wake.

Kitendo cha kwanza ni lile swali la usiku. Mwambie mapema, mchana, kwamba kuanzia leo utalijibu mara moja tu, vizuri, ukiwa umemtazama. Akiuliza tena, mrudishie yeye: "Hilo nimeshakujibu. Nilisemaje?" Atalijibu mwenyewe. Akiuliza mara ya tatu: "Huo ni wasiwasi unaouliza, na siujibu tena. Mimi niko hapa." Kisha zungumzeni mengine au nyamaza umpapase mgongo. Usikasirike, usimcheke. Usiku wa kwanza na wa pili atauliza zaidi ya kawaida, kwa sauti ya juu zaidi, pengine atakuambia humpendi. Hii inatarajiwa. Hofu iliyozoea kulishwa hupiga kelele zaidi siku ya kwanza ya kunyimwa chakula, na mzazi akikubali usiku huo, mtoto hujifunza kwamba kelele zaidi ndizo zinazoleta jibu. Ndiyo maana nakuomba usianze mpaka uwe na nguvu za kuendelea kwa wiki nzima.

Kulala nako kuna hatua zake. Kama sasa unalala kando yake mpaka asinzie, anza kwa kukaa kitandani bila kulala. Akizoea, sogea kwenye kiti karibu na kitanda, halafu kiti kisogee mlangoni, halafu uwe nje ya mlango na uingie kumchungulia baada ya dakika tano. Ile ahadi ya kumchungulia itimize kabla hajakuita, kwa sababu ukienda akiwa ameita, kilichokuleta ni mwito. Ukienda akiwa kimya, kimya ndicho kilichokuleta. Kila hatua ikae siku tatu nne, mpaka aone inamchosha. Uchovu ni dalili nzuri sana katika kazi hii.

Utaratibu huu wa kusogea kidogo kidogo una umri wa karne moja sasa. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto wa karibu miaka 3, aliyepewa jina la Peter, ambaye alimwogopa sungura kupita kiasi. Mtoto alipewa chakula anachokipenda, na sungura akawekwa ndani ya tundu upande wa mbali wa chumba. Kila alipozoea, tundu lilisogezwa, baadaye sungura akafunguliwa, na mwishowe mtoto alikuwa akimshika na kucheza naye. Hakuna aliyemrushia sungura mapajani siku ya kwanza, wala hakuna aliyemwondoa sungura chumbani moja kwa moja. Tiba bora tulizonazo leo za wasiwasi wa watoto bado zina kiini hicho.

Kwa shule, kaeni na binti yako mwandike hatua hizo kwa karatasi, yeye mwenyewe akizipa alama kutoka 0 hadi 10 kwa jinsi zinavyomtisha. Huenda kuvaa sare na kutembea hadi getini Jumamosi, wakati hakuna mtu, akakupa 2. Kuingia darasani na mwalimu nusu saa kabla wenzake hawajafika, 4. Kubaki mpaka mapumziko, 6. Siku nzima, wewe ukiwa umeagana naye getini, 9. Anzeni na ile anayosema inamtisha kidogo, mwirudie mpaka ishuke, ndipo mpande. Kwa kuwa hajakosa shule muda mrefu, msikae kwenye hatua za chini wiki nyingi. Kila siku ya kubaki nyumbani inaipa uzito siku inayofuata, na masomo yanayompita yanakuwa sababu mpya ya kuogopa.

Mwalimu wake mnamhitaji katika hili. Mwombe mambo machache tu: awe getini au mlangoni kumpokea, ampe kazi ndogo mara tu anapoingia, kama kugawa madaftari au kufuta ubao, kwa sababu mikono yenye kazi hutuliza kichwa, na asiruhusu simu ya kwenda nyumbani kila tumbo linapouma. Tumbo likiuma, akae pembeni dakika kumi, anywe maji, arudi darasani. Mwombe pia asimtaje mbele ya wenzake, hata kwa kumsifu.

Kuagana kuwe kufupi na kuwe kwa namna ileile kila siku. Kumbatio, neno moja, unaondoka. Mzazi anayerudi dirishani kuchungulia anamwambia mtoto kwamba pana kitu cha kuchunguliwa. Na tafadhali usimtoroke akiwa ameangalia pembeni, hata mtu akikushauri kwamba inasaidia. Kwa mtoto aliyefichwa kifo cha bibi yake, mama anayetoweka bila kuaga ni pigo lilelile kwa mara ya pili. Aage, alie kama atalia, uondoke akikuona. Walimu wengi watakuambia kwamba kilio hukatika muda mfupi baada ya mzazi kupotea machoni.

Siku atakayobaki nyumbani kwa sababu ya tumbo, iwe siku ya mgonjwa kweli: kitandani, bila runinga, bila simu, bila kutoka nawe. Hii haina maana ya adhabu, na usiitamke kama adhabu. Nyumbani kusiwe tu mahali pa raha ya kushindana na shule.

Mazoezi ya kupumua yanasaidia kwa kiasi, nami siyawekei matumaini makubwa kama yanavyosifiwa. Avute pumzi puani kwa hesabu ya 3 na aitoe polepole mdomoni kwa hesabu ya 6, mara kadhaa. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo. Mfanye pamoja kila jioni akiwa mtulivu, maana kumfundisha katikati ya hofu hakuingii. Yamsaidie kuingia darasani. Yasiwe kitu cha kumsubirisha nje mpaka hofu iishe yote.

Sasa baba yake. Mwonyeshe sehemu hii asome mwenyewe. Baba, hujakosea kuona kwamba mtoto anahitaji kukabili anachokiogopa. Ila wasiwasi wa mtoto huyu haukuletwa na malezi ya mama yake. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi minne, na akaona kwamba karibu 1 kati ya 5 walikurupuka, wakarusharusha miguu na kulia walipoonyeshwa vitu vipya, umri ambao malezi hayajapata muda wa kumharibu mtu. Wengi wa hao walikua watoto waangalifu na wenye haya, lakini si wote waliokuja kuwa na tatizo la wasiwasi. Tabia ya kuzaliwa inaweka mwanzo, na malezi yana sauti kubwa katika kinachofuata. Mtoto anayesikia kwa mama "pole, baki nyumbani" na kwa baba "acha upuuzi, nenda" hasikii mpango wowote. Anasikia wazazi wanaogombana kwa ajili yake, na hiyo ni hofu mpya. Ningependa wewe ndiye umpeleke shule baadhi ya asubuhi. Mara nyingi kilio hupungua kwa mzazi ambaye mtoto hajazoea kulia mbele yake.

Na wewe mama, angalia uso wako. Mwaka 1985 watafiti waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza yenye kioo kinachoonyesha kama kuna shimo chini yake, na mama akasimama upande wa pili. Kati ya watoto 19 ambao mama zao walionyesha furaha, 14 walivuka. Kati ya 17 ambao mama zao walionyesha hofu, hakuna hata mmoja aliyevuka. Binti yako anapofika getini anakutazama ili ajue kama pale panapitika. Huhitaji kujifanya jasiri kuliko ulivyo. Kama nawe bado una majonzi ya msiba, na kama bibi huyo alikuwa mama yako mzazi sishangai, tafuta mtu wako wa kulia naye, mbali na mtoto, ili asubuhi uso wako upate nafasi.

Umeuliza kama atakuwa hivi maisha yake yote. Nina sababu ya kukujibu kwa matumaini. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani wa watoto 488 wa miaka 7 hadi 17 wenye wasiwasi wa kutengana, wasiwasi wa jumla au hofu ya watu. Baada ya wiki 12, karibu asilimia 60 ya waliopata tiba ya mazungumzo na mazoezi walikuwa na nafuu kubwa. Waliopata sertralini, dawa ya kupunguza wasiwasi, peke yake walikuwa asilimia 55, na waliopata vyote viwili asilimia 81, wakati waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani, kwa ajili ya kulinganisha, walikuwa asilimia 24. Kwa mtoto wa umri wake na hali uliyoieleza, mimi ningeanza bila dawa. Dawa inabaki kwa hali nzito, chini ya daktari wa afya ya akili ya watoto, na familia inayoihitaji isione haya.

Fanyeni haya kwa wiki nne hadi sita. Tatizo la wasiwasi wa kutengana kwa watoto hutambuliwa likiwa limedumu angalau wiki nne na linamharibia maisha, kwa hiyo yeye ameshafika kwenye kiwango cha kuonwa na mwanasaikolojia wa watoto hata leo, kama mnampata. Msisubiri hizo wiki sita ikiwa ameacha kabisa kwenda shule, amekonda, amepoteza hamu ya michezo yote, anajiumiza, au anasema anataka kufa ili amfuate bibi. Maneno hayo ya mwisho msiyachukulie kama ya kitoto. Muulizeni wazi anamaanisha nini, msimwache peke yake, na mpelekeni kwa daktari siku hiyohiyo.

Vinginevyo anzeni Ijumaa jioni na mazungumzo ya bibi, ili apate siku mbili za kuuliza na kulia kabla ya shule. Jumamosi mwende getini pakiwa patupu. Swali la usiku lianze kujibiwa mara moja tu kuanzia Jumapili. Kitanda kiacheni mpaka wiki ya tatu. Mtoto huyu asinyang'anywe kila kitu kwa mkupuo. Na akipanda hatua, msimnunulie kitu. Mwambieni mlichokiona: "Leo tumbo liliuma na ukaingia darasani nalo."